Kigoma na shehena inayopita

Kigoma inapotajwa katika kurasa za biashara, hesabu huanza na tani: zimeshushwa tani ngapi gatini, yamefika mabehewa mangapi kutoka Dar es Salaam, zimeondoka meli ngapi kwenda Bujumbura na Kalemie. Hesabu hiyo inaitosha mamlaka ya bandari, inayotoza kwa tani. Haiutoshi mji. Ukifuatilia biashara ya Kigoma, na ya Ujiji iliyoitangulia, tangu enzi za misafara ya pembe hadi reli ya kisasa inayojengwa leo, utaona kwamba mali nyingi imepita hapo na kidogo sana kikabaki. Utaona pia kwamba njia ya mzigo imehamishwa tena na tena na watu walioko mbali, kwa sababu zao wenyewe, bila mkazi wa Kigoma kuulizwa. Hoja ya makala haya ni kwamba mji huu utafaidi ziwa lake pale tu mzigo utakapofanyiwa kazi mjini kabla ya kupanda chombo, na kwamba soko la kuupa kazi hiyo liko Kongo zaidi kuliko Burundi, ambako mipango mikubwa ya sasa imeelekezwa.

Ujiji ilikuwa mji wa soko kabla ya kuwa mji wa wapita njia. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta mahali ambapo chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wakavu na nafaka vilibadilishana na vitambaa na shanga za pwani. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliotoka Bagamoyo kupitia Tabora walijenga maghala yao pale kwa sababu safari ya miguu iliishia hapo, na ya mitumbwi kwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa, ikaanzia hapo. Pembe za ndovu na watumwa ndivyo vilivyolipa gharama za misafara, na jambo hilo lisifichwe: faida kubwa ya Ujiji katika karne ya 19 ilitokana na watu waliouzwa na vijiji vilivyoteketezwa ng'ambo ya ziwa. Lakini chini ya biashara hiyo ya damu palikuwa na nyingine, ya chumvi, mafuta na samaki, iliyoulisha mji kila siku na ambayo haikufa misafara ilipokoma. Kiswahili nacho kilivuka na wafanyabiashara hao, na hadi leo mchuuzi wa Kalemie na wa Kigoma hupatana bei bila mkalimani. Ni mtaji ambao hauonekani katika taarifa yoyote ya fedha, na bandari nyingi za mipakani zingelipa ghali kuupata.

Kilichoiangusha Ujiji kilikuwa maji kwanza, kisha chuma. Mnamo 1878 ziwa, lililokuwa likipanda, lilipasua kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata uso wake ukashuka kwa takriban mita 10. Ujiji iko kwenye ufuko wenye mteremko mdogo, kwa hiyo ukingo wa maji ulirudi nyuma na kuuacha mji nyuma. Wajerumani walipoleta Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na ziwani Februari 1914 baada ya kilomita zipatazo 1,250, hawakuipeleka kwenye mji wa zamani. Waliipeleka kwenye ghuba ya Kigoma, kilomita chache kutoka hapo, yenye kina kirefu na iliyokingwa na vilima. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani na kusafirishwa vipande vipande ndani ya makasha yapatayo 5,000, iliunganishwa hapo na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wakikimbia. Waingereza waliiopoa 1924 na ikaanza kazi 1927 kwa jina la Liemba. Mji wa soko wenye umri wa vizazi kadhaa ulipoteza nafasi yake kwa kituo cha reli katika muda usiofika miaka kumi, na hakuna mfanyabiashara wa Ujiji aliyeshirikishwa katika uamuzi huo.

Sura iliyofuata ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini shehena na ustawi ni vitu viwili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ubelgiji ilikuwa na Kongo na Ruanda-Urundi lakini haikuwa na njia yake ya kufika Bahari ya Hindi. Kwa mkataba wa Machi 1921 Uingereza iliikodisha Ubelgiji viwanja viwili vya bandari, kimoja Dar es Salaam na kingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Viwanja hivyo vilijulikana kwa jina la Belbase. Mizigo ya makoloni ya Ubelgiji ilipita bila ushuru wa forodha, na wakala wa Kibelgiji ndio walioihudumia. Ukiutazama kwa jicho la biashara, mpango huo ulitengenezwa kwa makusudi ili mzigo usiiguse nchi unayopita. Kigoma ilitoa ardhi, ghuba na mabega ya makuli. Bei ya kusafirisha, bima, riba ya mkopo wa bidhaa na faida ya wakala vilihesabiwa kwingine. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Nyerere ilikataa kufungwa na haki za kudumu zilizotolewa na mtawala aliyekuwa mdhamini tu wa nchi, na ilikuwa sahihi kukataa. Hata hivyo mazoea ya kupitisha mzigo uliofungwa, usioguswa, yamedumu kuliko mkataba wenyewe. Kontena la leo linatimiza kile ambacho lakiri ya Kibelgiji ilikusudiwa kutimiza.

Wala Ubelgiji yenyewe haikuwa mteja mwaminifu. Reli ya Benguela ilipofunguliwa rasmi 1931, Katanga, jimbo la shaba la Kongo, ilipata njia ya kwenda Lobito kwenye Bahari ya Atlantiki bila kupakua na kupakia tena ziwani, na matumaini ya Kigoma kuwa lango la shaba yakafifia. Watu waliofanya uamuzi huo walikuwa Brussels, London na Lisbon. Leo Lobito inafufuliwa kwa fedha za Marekani na Ulaya, huku shaba inayokuja Dar es Salaam ikipita kwa malori kupitia Tunduma, mamia ya kilomita kusini ya Kigoma.

Mji huu uliishi, basi, kwa usumbufu. Ziwa Victoria kuna meli kama MV Umoja, ambayo mabehewa huingia ndani yake Mwanza na kutoka Port Bell yakiwa na mzigo wake. Kigoma kazi imekuwa ya kreni na mikono: gunia linatoka kwenye behewa, linalala ghalani likisubiri meli, linapakiwa. Kila hatua ni ujira wa mtu, kodi ya ghala, sahani ya wali kwa mama lishe, kitanda cha nyumba ya wageni. Mchumi wa usafirishaji huita hali hiyo upotevu, na kwa mwenye mzigo ni upotevu kweli. Kwa Kigoma ndiyo ilikuwa riziki. Tatizo la riziki ya namna hiyo ni kwamba kila maendeleo ya usafiri yanaipunguza. Mafuriko yalipoikata reli kati ya Kilosa na Gulwe kwa miezi mwaka 2010, na ukodishaji wa shirika la reli kwa mwekezaji ulipovunjika karibu na wakati huohuo, wafanyabiashara wa Burundi hawakungoja. Walikwisha kuwa na lami, na sehemu kubwa ya mizigo yao kutoka bandari ya Dar es Salaam sasa hupita Ngara, kwenye mpaka wa Kabanga na Kobero, bila kuliona ziwa.

Siasa nayo ina sehemu yake. Burundi ilipowekewa vikwazo na majirani zake Julai 1996, baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya, njia ya Bujumbura ilifungwa rasmi hadi Januari 1999. Katika kipindi hichohicho bandari ilijaa mizigo ya mashirika ya misaada, kwa sababu wakimbizi wa Burundi na Kongo walikuwa wamejaa mkoani, na mwaka 1997 MV Liemba na MV Mwongozo zilirudisha makwao zaidi ya Wakongo 75,000. Mwaka 2015 Liemba ilikuwa tena kazini, ikiwachukua Warundi waliokwama kwenye ufuko wa Kagunga. Wenyeji wa Kigoma walibeba mzigo wa utu ambao mikoa mingi haijawahi kuombwa kuubeba, na wanastahili heshima kwa hilo. Kiuchumi, hata hivyo, unga wa msaada ni shehena ya kupita kama nyingine yoyote. Ghala hukodishwa, madereva huajiriwa, kisha amani inarudi na ghala linabaki tupu.

Sasa tunafika kwenye reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Wengi mjini wanautazama kama kurudi kwa enzi za 1914. Lakini ramani ina jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: Uvinza, kabla reli haijafika ziwani, litachipuka tawi la kwenda Musongati nchini Burundi, penye akiba kubwa ya nikeli, na kutoka hapo kuelekea Gitega na hatimaye Kongo. Tawi hilo likikamilika, mzigo wa Burundi hautakuwa na sababu ya kushuka Kigoma, kungoja meli, na kupakuliwa tena Bujumbura. Burundi imekuwa mteja mkubwa wa bandari hii kwa zaidi ya karne moja. Tunajenga kwa mkono mmoja reli ya kuileta shehena Kigoma, na kwa mkono mwingine njia ya kuipitisha kando.

Watetezi wa mpango huo wana jibu, na si la kupuuzwa. Wanasema nchi haijengi reli kwa ajili ya mji mmoja, kwamba Burundi ina haki ya njia nafuu ya kufika baharini, na kwamba Kigoma yenyewe itapata sementi, mbolea na mafuta kwa bei ya chini gharama za usafiri zitakaposhuka. Yote matatu ni kweli. Tawi la Musongati lina mantiki ya kitaifa na ya kikanda, na kulipinga kwa niaba ya makuli wa Kigoma kungekuwa kutaka Warundi walipe zaidi ili sisi tupate ujira wa kubeba. Kinachofuata kutokana na ukweli huo ni kwamba Kigoma isipangiwe maisha kana kwamba mzigo wa Burundi utaendelea kuwa wake. Gati likikarabatiwa na kina kikiongezwa kwa matarajio ya mteja anayejengewa mlango mwingine, tutakuwa na bandari nzuri yenye meli chache.

Mteja asiye na mlango mwingine yuko ng'ambo. Kalemie iko kilomita 130 hivi kutoka Kigoma kwa maji. Reli yake ya kwenda Kabalo ilikamilika 1915, mwaka mmoja baada ya ile ya Kigoma, lakini imechakaa kiasi kwamba haiwezi kutegemewa, na barabara za jimbo la Tanganyika na za Kivu Kusini hazipitiki kwa miezi mingi ya mvua. Moba, Kalemie, Fizi na Uvira hupata sehemu kubwa ya bidhaa za viwandani kupitia maji. Zambia imeliona hilo kitambo: sukari na sementi zake hushuka bandari ndogo ya Mpulungu, kusini mwa ziwa, na kusafiri hadi Bujumbura na pwani ya Kongo. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Upande wa Kigoma, biashara hii iko zaidi kwenye mialo ya Kibirizi na Ujiji kuliko kwenye gati kubwa. Inabebwa na boti za mbao zenye injini, zinazojazwa sementi, unga, biskuti, soda, mabati na vyombo vya plastiki, na zinarudi na mawese, mbao na wateja wa safari ijayo. Takwimu za bandari kuu huipunja, na kwa hiyo mipango huipunja pia.

Pingamizi la kwanza ni vita. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, na mtu mwenye fedha zake atauliza kama huo ndio wakati wa kuelekeza mji mzima kwenye soko la Kongo. Swali ni la haki, lakini linachanganya biashara za aina mbili. Mwekezaji anayejenga kiwanda Uvira hubeba hatari yote ya vita. Muuzaji aliyeko Kigoma, anayepokea fedha kabla mzigo haujapakiwa, humwachia mnunuzi sehemu kubwa ya hatari hiyo. Biashara ya boti imepita katika vita vya 1996 na vya 1998. Ilipungua na ikarudi, kwa sababu watu wa ng'ambo hula na kujenga hata nyakati mbaya. Kalemie, tena, iko mbali kusini mwa mapigano makali ya Kivu. Hatari ipo. Ni hoja ya kuuzia Kigoma badala ya kupeleka mali kwa mkopo, na hiyo ndiyo hasa biashara inayouachia mji faida.

Faida hiyo hubaki vipi? Anza na dagaa. Dagaa wa Kigoma huuzwa ghali kuliko wa Ziwa Victoria, na wanunuzi hutoka Dar es Salaam, Zambia na Lubumbashi. Hata hivyo sehemu kubwa bado huanikwa juu ya mchanga, na msimu wa mvua shehena nzima inaweza kuoza kwa siku mbili za mawingu. Vichanja vya waya, majiko ya kukaushia na barafu ya kuhifadhia migebuka si teknolojia ngeni. Mradi wa FISH4ACP wa shirika la FAO umekuwa ukifanya kazi na wachakataji wa mialo ya ziwa hili kuhusu mambo hayohayo. Kilo ya dagaa safi iliyofungwa vizuri ina thamani kubwa kuliko ya dagaa wa mchanga, na tofauti hiyo ya bei yote huingia mfukoni mwa mtu wa Katonga au Kibirizi, mara nyingi mwanamke. Kontena la transiti likipita, tozo za gati huenda Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari na kodi, kama ipo, huenda hazina kuu. Gunia la dagaa likiuzwa, halmashauri hupata ushuru wake palepale. Manispaa ya Kigoma Ujiji, yenye wakazi zaidi ya 230,000 kwa sensa ya 2022, haiwezi kujenga mitaro na masoko kwa tani zinazoingia kwenye vitabu vya wengine.

Mawese ni hadithi inayofanana. Michikichi imekuwepo Kigoma kabla ya reli, na kwa miaka mingi nchi imeagiza mafuta ya kula kutoka Malaysia na Indonesia huku mkoa huu ukikamua kwa mashine za mkono. Kampeni iliyosukumwa tangu 2018 na Kassim Majaliwa alipokuwa Waziri Mkuu, kwa kutumia mbegu chotara zinazozalishwa kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, imeanza kubadili hali shambani. Hatua inayokosekana ni usafishaji na ufungashaji, yaani mafuta na sabuni vinavyotoka Kigoma vikiwa na lebo, tayari kwa duka la Kalemie. Kwa muda mrefu kisingizio kilikuwa umeme wa majenereta ya dizeli, ghali na wa kukatikakatika. Mkoa ukishaunganishwa kwa uhakika na gridi ya taifa, kisingizio hicho kinakwisha.

Na kuna meli zenyewe. Ukarabati mkubwa wa Liemba, na mpango wa serikali wa kujenga kiwanda cha kuunda na kukarabati meli eneo la Katabe, unaweza kuwa uwekezaji wenye maana kubwa kuliko gati lolote, kwa sharti moja: mafundi wawe wa ziwa hili. Mafundi wa boti za mbao wa Kigoma wanajua maji haya. Wakifundishwa uchomeleaji wa chuma, injini za kisasa na ukaguzi wa usalama, kila chombo cha Burundi, Kongo na Zambia kinachohitaji matengenezo kitakuwa mteja wao, na mteja huyo hawezi kuhamishwa na reli. Kiwanda kikiendeshwa kwa mkataba unaoleta mafundi kutoka nje kila meli inapoharibika, kitakuwa Belbase nyingine yenye bendera yetu.

Wapo watakaosema kwamba dagaa, sabuni na boti za mbao ni vitu vidogo mno kubeba uchumi wa mkoa wa watu karibu milioni 2.5, na kwamba ziwa lenyewe linachoka. La pili ni zito kuliko la kwanza. Watafiti walionyesha tangu 2003 kwamba kupanda kwa joto la uso wa maji kumepunguza mchanganyiko wa tabaka za ziwa, na hivyo chakula cha samaki. Ndiyo sababu mojawapo Tanzania ilipumzisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Samaki hawataongezeka sana. Ndiyo maana thamani ya kila kilo lazima ipande, kwa kuwa wingi una mwisho. Kuhusu udogo, kipimo ni ajira na mapato yanayobaki. Boti 50 za Kibirizi zinazopakia bidhaa zilizonunuliwa, kufungashwa na kulipiwa Kigoma huacha mjini fedha nyingi kuliko treni ya makontena yaliyofungwa Dar es Salaam na kufunguliwa Bujumbura.

Uamuzi unaohitajika si wa mabilioni. Mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, ambayo iliathirika ziwa lilipopanda miaka ya 2020, ijengwe juu zaidi kwa kuzingatia kwamba maji haya yana desturi ya kupanda na kushuka kwa mita kadhaa. Forodha na uhamiaji viwe na dirisha moja Kibirizi, linalofanya kazi kwa saa za boti na si kwa saa za ofisi, ili mfanyabiashara mwenye mifuko 200 ya sementi asione ni rahisi zaidi kupakia usiku kwenye ufuko usio na afisa. Benki zifungue huduma ya kubadilisha faranga za Kongo na dola karibu na gati, ambako sasa hubadilishwa mkononi. Takwimu za bandari zitenganishe mzigo uliopita na mzigo uliouzwa Kigoma, na ripoti ya kila mwaka ianze na huo wa pili. Mambo haya yote yanaweza kukamilika kabla reli haijafika Uvinza, wakati mteja wa Burundi bado yupo gatini na makuli bado wana kazi ya kuwalisha watoto wao huku wakijifunza nyingine.